Tumepindua meza kwa Mkapa, mbona stori yote ni ya Yanga?

Kuna jamaa nafanya naye kazi ghalani hapa Dortmund, Mjerumani, mtu mzima, shabiki lialia wa Borussia Dortmund, Alhamisi ile ya tarehe 10 Aprili 2025 alikuja kazini kanuna kwa sababu usiku wa jana yake walikula nne bila kule Barcelona. Mimi nimevimba kifua, maana siku hiyo hiyo waliyopigwa wao sisi Simba tulikuwa tumetoka kupindua meza kwa Mkapa, uwanja wetu wa Dar. Tulifungwa mbili bila na Al Masry kule Misri, tukaja kuwarudishia mbili zao nyumbani na matuta ya penalti tukawapiga 4-1, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika hiyo hapo. Nikaona ngoja nimpoze mzee wa watu, nimuonyeshe kwamba mpira unapinduka. Nikafungua grupu letu la wasap nikampa simu.

Akaanza kupandisha na kushusha. Akakutana na klipu ya jamaa kavaa jezi ya njano analia kibanda umiza. Akashuka, picha ya chura, ndivyo tunavyowatania Yanga, kavishwa skafu ya kijani. Akashuka tena, watu wamepita na vuvuzela mbele ya tawi la watani wanapuliza kama wana kisasi na ukuta. Halafu vijembe, vijembe, sauti za watu wanacheka mpaka wanakohoa. Akanirudishia simu akaniuliza, kwa hiyo hawa wa njano na kijani ndio mliowatoa? Nikamwambia hapana, hawa ni wapinzani wetu wa mjini, jana hata hawakucheza na sisi, tulicheza na Wamisri. Akaniuliza tena kwa upole kabisa, sasa Wamisri wako wapi? Na magoli yako wapi?

Nikayatafuta. Goli la Mpanzu halipo. La Mukwala halipo. Kipa wetu Camara kapangua mikwaju ya penalti mbele ya uwanja mzima, kwenye grupu hakuna hata picha yake moja. Usiku mzima watu wamekesha, mamia ya meseji, na ukimpa mtu asiyetujua anaondoka anaamini Simba kaifunga Yanga!

Ndugu zangu hili jambo limenikaa moyoni na nitalisema, mnaotaka kuchukia mchukie.

Sisi hatujui kupokea ushindi wetu. Tunajua kupokea kilio cha mwenzetu. Ni vitu viwili tofauti na nilikaa bongo miaka yote hiyo sikuvitofautisha, kwa sababu pale nyumbani vinakuja vimefungwa pamoja, filimbi ya mwisho ikilia mkono tayari uko kwenye simu unamtafuta fulani wa Yanga umuulize mbona kimya. Hujamaliza hata kumuona kipa wako anakumbatiwa na wenzake.

Sasa sikieni kilichotokea huku Jumanne tarehe 15, Barcelona walivyokuja kurudiana. Mnajua matokeo, Dortmund 3 Barcelona 1, Guirassy kapiga zote tatu, na bado wakatolewa kwa jumla ya 5-3. Msimu wao wenyewe mbovu, kocha walimfukuza Januari, kwenye ligi mpaka Aprili hiyo hata nafasi nne za juu walikuwa hawazioni. Mimi tiketi sikupata, niliangalia baa moja njia ya kwenda stesheni, na baada ya mechi nikapanda treni ya U45 imejaa watu wanaotoka uwanjani, tumebanana kama tuko Mbagala Rangi Tatu. Nikasema leo nitasikia, leo watawatukana Wakatalunya wa Barcelona, watawatukana watani wao Schalke, watamtukana refa. Lakini wee, treni nzima inaongelea mpira! Vijana wawili pembeni yangu wanabishana ile penalti ya goli la kwanza Guirassy alivyomsubiri kipa mpaka akajaa, mzee mwingine analaani lile goli Bensebaini alilojifunga lililowakata pumzi, mmoja anaonyesha kwa mikono beki ilivyopanda juu kuwabana Barcelona wasitoke. Wametolewa nje ya mashindano na bado wanaimba, wanaimba jina la mfungaji wao. Mimi nilisikiliza mpaka nikapitiliza kituo.

Na hapa ndo kuna kitu kimeniuma zaidi. Guirassy anaichezea Guinea. Moussa Camara wetu ni kipa wa Guinea hiyo hiyo. Ndani ya wiki moja hawa ndugu wawili wa taifa moja kila mmoja kaibeba timu yake mbele ya watu wake nyumbani. Huku Guirassy akifunga, mtangazaji wa uwanja anataja jina la kwanza tu, Serhou, halafu uwanja wa watu elfu themanini na kitu unamalizia kwa kelele moja, Guirassy! Anarudia, wanamalizia tena. Ule upande wa kusini pekee wanasimama karibu watu 25,000, wanauita ukuta wa njano, ukiwasikia wakimalizia jina la mtu unajua huyo mtu leo analala anajua amependwa. Camara wa watu kaja kutoka Guinea hana ndugu Temeke, kadaka matuta yaliyotuvusha robo fainali, na ujumbe wa kwanza kuingia kwenye simu yangu baada ya ule mkwaju wa mwisho ulisema, nanukuu, "Utopolo mko wapi", yaani Yanga. Camara katajwa saa ngapi? Kesho yake mchana, na aliyemtaja alikuwa anasema kwamba Yanga walitamani kumsajili!

Robo fainali jamani. Mnajua wenyewe tulivyoteseka na hii robo. 2019 tumeishia hapo, 2021 hapo, 2022, 2023, 2024, mpaka wakatubatiza Mwakarobo na jina likakaa. Mara ya mwisho kuvuka hatua hii Afrika ilikuwa 1993, ile ya fainali na Stella Abidjan, kuna watu wazima wana watoto sasa hivi hawajawahi kuiona Simba nusu fainali. Halafu siku tunavuka, tunamkabidhi mtani usiku wetu wote. Yaani sherehe yetu mgeni rasmi ni Yanga.

Najua mnavyoandika sasa hivi, nawaona. "Umepanda ndege juzi unakuja kutufundisha kushangilia." Hapana bwana. Mimi nimezaliwa Keko, Uwanja wa Taifa nimeingia tangu haujaitwa Mkapa, nimeshinda kwenye lile jua la mzunguko, kwenye viti vya bei ya chini, kuanzia asubuhi kwa mechi ya jioni, mtu asiniambie nimesahau. Na niwaambie ukweli mwingine ambao nikiusema huku Wajerumani hawaamini, kelele za Mkapa ukijaa hazina mfano, na wale 60,000 wa kwetu hawana kiongozi mwenye kipaza sauti anayewaambia sasa imbeni, sasa pigeni makofi. Huku nyimbo zina mpangilio, kuna mtu kasimama kaupa mgongo uwanja dakika zote tisini anaongoza. Kwetu inatoka yenyewe tumboni. Horoya walikula saba bila pale 2023, waulizwe. Al Ahly wenyewe, vigogo wa Afrika, wamekufa pale 2019 kwa goli la Kagere na 2021 kwa goli la Luis Miquissone, ile bunduki ya mbali ambayo mpaka leo nikiiangalia nywele zinasimama. Kwa Mkapa hatoki mtu sio maneno ya kwenye fulana, ni kweli. Kwa hiyo sisemi huku wanajua mpira kuliko sisi. Nasema tuna ushindi mkubwa kuliko tunavyoushangilia.

"Utani wa jadi ndo ladha ya mpira wetu, ukiutoa tunabaki na nini." Nani kasema autolewe? Mimi mwenyewe Novemba 2023 ile tano moja nilizima simu, na niliona haki yao kabisa kunitafuta, walitufunga sisi. Kama ni dabi, tambeni mpaka kuku walale. Hata huku Dortmund na Schalke hawapikiki chungu kimoja, Schalke walishuka daraja la pili 2023 na walikuwa wanakumbushwa kila siku. Lakini Al Masry sio Yanga! Barcelona sio Schalke! Siku ukimtoa Mmisri kwenye mashindano ya Afrika, mezani kuna chakula kipya kabisa, wewe unakimbilia kiporo cha ile dabi ya Machi 8 iliyoahirishwa, unaanza upya nani alimkimbia nani.

Na hapa ndo tunapofika kwenye lile la jezi za wageni ambalo sote tunalijua na tumelikalia kimya kwa sababu kila upande umelifanya. Al Ahly wakija kuna Watanzania wanawapokea kwa ngoma kwa sababu wanacheza na Simba. Mamelodi wakija kucheza na Yanga kuna Wanalunyasi, yaani sisi Simba, wamegeuka Wasauzi. Mpaka 2024 waziri wa michezo akasema anayetaka kuvaa jezi ya mgeni aje na pasipoti, watu wakacheka, mimi sikucheka. Kile kitu kinatoka wapi kama sio hapa hapa ninaposema? Ukishazoea kwamba raha ya ushindi wako ni maumivu ya jirani, basi hata siku huchezi wewe raha yako utaitafuta kwenye maumivu yake. 2023 Yanga wamefika fainali ya Shirikisho, wamekwenda mpaka Algiers wakashinda moja bila mbele ya wale watu wenye mafataki, kombe likawaponyoka kwa kanuni ya goli la ugenini. Timu ya Tanzania imeshinda fainali ugenini Algeria! Upande wetu siku ile watu walichinja kuku.

Na Februari 2024 wakampiga Belouizdad nne bila pale pale kwa Mkapa wakaingia robo ya Klabu Bingwa. Nne, Mwarabu, nyumbani. Mimi mechi ile sikuiangalia kwa kususa, nimekuja kuyaona yale magoli baadaye nikiwa peke yangu kitandani huku, na nasema hadharani kwamba ni mpira mtamu, uliopigwa na timu iliyokuwa inajua inachotaka. Leteni mawe.

"Wewe ni Gongowazi umejificha." Haya, eti mimi ni Yanga. Jezi yangu nyekundu iko kwenye begi la kazini, baridi ikizidi naivaa ndani ya sweta, na katika mji huu kila ukuta, kila basi, kila mtoto wa shule ni njano, kwa hiyo kama ningetaka kuhama rangi ningehama huku ambako hakuna anayenijua. Sihami. Ila kumpenda Mnyama hakunizuii kusema kwamba tunamnyima haki yake siku anafanya kazi. Wachezaji wanasoma hivi vitu, wana simu, Kiswahili kidogo wanajifunza. Mpanzu kamaliza mechi ya maisha yake anafungua simu anakuta mashabiki wake wanamuongelea chura.

Kuna mwingine ataniambia watu wana shida zao, mpira ndo sehemu pekee ya kupumulia, mwache mtu acheke anavyotaka. Hii ndo hoja pekee ambayo nilikaa nayo, kwa sababu najua daladala ya kurudi kutoka Temeke usiku ikoje na najua mtu anakata tiketi ya mzunguko kwa hela ya namna gani. Lakini huyo huyo ndo namtaka afaidi. Katoa hela yake, kakaa juani, kapiga kelele mpaka sauti imekauka, Mmisri kapotea njia kwa kelele zake yeye, ile mikwaju ilipanguliwa huku yeye anazomea nyuma ya goli. Ule ushindi una jasho lake mle ndani. Halafu akitoka getini mtu wa kwanza kumuwaza ni jirani yake wa Yanga ambaye muda huo kalala zake.

Jumapili hii ya tarehe 20 Aprili tunacheza nusu fainali na Stellenbosch, safari hii pale Amaan, Zanzibar, kwa sababu kwa Mkapa CAF, shirikisho la soka Afrika, wamefunga. Wazanzibari msituangushe kwa kelele. Admini wa grupu letu nakuomba hili moja kaka yangu, tukishinda zuia stika za chura mpaka asubuhi, goli liwekwe kwanza, liwekwe mara tatu kama linarudiwa kwenye luninga, na jina la aliyefunga liandikwe kwa herufi kubwa. Yule mzee wa ghalani yuko zamu na mimi Jumatatu ya Pasaka hii hii, na ameshaniambia anataka kumuona kipa.