Mhusika wa Kidijitali Hanuni

Mtoto anayevaa miwani ya uhalisia pepe (ile inayomwingiza machoni katika ulimwengu uliotengenezwa na kompyuta) ili ajifunze stadi za kijamii na kihisia hukutana na mhusika wa kidijitali: labda mwanafunzi mgeni aliyejitenga, labda mchokozi. Anajaribu maneno yake, akiharibu anaanza upya, na hakuna darasa la kumcheka. Kwa mwenye haya nyingi, au mwenye usonji anayepata tabu kusoma sura za watu, hiyo ni nafasi adimu. Siibezi hata kidogo.

Shida yangu ni huko kuanza upya. Rafiki uliyemkosea kwenye rede haanzi upya. Ananuna. Kesho anapita kama hakuoni, keshokutwa ananong'ona na wenzake, nawe unajifunza kuomba radhi bila uhakika wa kusamehewa. Somo lenyewe hasa ndilo hilo, na programu imelifuta.

Chuo Kikuu cha Central Florida, Marekani, kina mfumo uitwao TeachLivE, ambamo walimu wanafunzi hufanya mazoezi mbele ya darasa la kidijitali. Wanafunzi wa humo hubisha na kuzubaa kama wa kweli, kwa sababu nyuma ya pazia yupo binadamu anayewasemea na kuwaendesha papo hapo. Nadhani uhai wote unatoka kwa huyo aliyejificha (ambaye matangazo ya teknolojia hizi humtaja mwishoni, akitajwa).

Halafu kuna utafiti wa Segovia na Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford, wa mwaka 2009. Watoto walionyeshwa katika uhalisia pepe taswira yao wenyewe ikiogelea na nyangumi. Baadaye, baadhi ya wale wa shule ya msingi waliamini kwamba waliogelea kweli. Sasa mtoto aliyepatanishwa na mhusika wa kidijitali si anaweza kutoka humo akidhani ameshapatana na mwenzake?

Mwaka 2023 kampuni ya Meta ilishusha umri wa kutumia miwani yake kutoka miaka 13 hadi 10, kwa idhini ya mzazi. Vitu hivi vinakuja, tupende tusipende. Shule ikivinunua, ivitumie kama mazoezi mafupi, kisha mwalimu amtume mtoto akamtafute uwanjani mwenzake aliyekosana naye. Na miwani ikiwa moja kwa darasa la watoto 60, naona walioko kwenye foleni, wakigombea zamu, ndio watakaojifunza zaidi.