Mwacheni Nyangumi Avute Pumzi
Msimu wa kusi, kibaridi kinapotulaza majumbani hapa Malindi hadi jua lipande, ndipo nyangumi wenye nundu wanapopita pwani yetu, hasa kati ya Julai na Septemba, wakitoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa kwenye maji ya uvuguvugu. Juzi niliacha shuka langu nikapanda boti kwenda kuwatazama, na kinachoniudhi hata sasa ni nahodha aliyemfukuza mama na mtoto wake kwa mashine mbili, abiria wakimhimiza asogee zaidi ili wapate picha. Mnyama huyo huvuta hewa kama sisi, lakini kila alipoibuka alilazimika kuzama tena upesi. Jamani, punguzeni mwendo, kaeni mbali, mmngoje aibuke mwenyewe.