Nyumba za Paneli na Rundo la Matofali la Ami

Ami yangu wa Wete, Pemba, ana rundo la matofali ya saruji pembeni mwa nyumba anayokaa. Lina miaka minne sasa. Ya chini yameota ukungu wa kijani, na kuku wanataga nyuma yake. Karafuu zikizaa vizuri rundo linaongezeka; zikikataa, linabaki vilevile. Mwezi uliopita nilimwonesha kwenye simu video ya nyumba ikisimamishwa: winchi inashusha ukuta mzima, dirisha lake limo ndani na kioo chake, watu wanne wanaupokea na kuukaza kwa bolti, na jioni yake nyumba ina paa. Akatazama mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, hiyo unaanza kununua ukuta upi?"

Nilicheka. Lakini katika mjadala wote wa nyumba za paneli, yaani za kuta zinazotengenezwa kiwandani, hapa Visiwani sijasikia swali gumu kuliko hilo.

Kwanza, kazi yenyewe inavyokwenda. Ramani inakamilishwa yote kabla ya kitu chochote kukatwa, mpaka swichi itakaa wapi na bomba litapita wapi. Kiwandani, juu ya meza ndefu iliyonyooka, inapangwa fremu ya mbao au ya chuma chepesi kilichopakwa zinki, inavalishwa bodi, na katikati inajazwa kitu cha kuzuia joto na sauti. Paneli nyengine huachwa wazi upande mmoja ili fundi umeme apitishe nyaya zake saiti. Nyengine hufungwa kila upande na kuja na kila kitu tumboni. Zipo pia za zege, nzito, zinazomiminwa kwenye kalibu na nondo ndani yake. Huku kiwandani wanagonga, kule saiti msingi unachimbwa na jamvi linamwagwa. Muda unaookolewa uko hapo: kazi mbili zinakwenda sambamba. Baada ya hapo ni lori, winchi, bolti, na kuziba viungo.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya kizungu. Mimi nawauliza kuhusu kuti. Kuti linasukwa uwani, linahesabiwa na kuuzwa, linabebwa mpaka kwenye nyumba na kufungwa kwa kamba juu ya pao. Likioza moja, linatolewa hilo hilo na kutiwa jengine. Milango ya Mji Mkongwe nayo ilichongwa kwenye karakana, nakshi zake zote, ndipo ikapelekwa kwenye nyumba. Hata vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu hiyo: upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizokuwa zikiuzwa kwa korija. Leo, paneli zikitoka nje, anayeamua ni kontena, ambalo ndani lina upana wa mita 2.35 tu. Zamani tulimtii mkoko, sasa tutaitii meli.

Hoja ya kuzitaka nyumba hizi ni nzito kuliko wengi wanavyokubali, na inaanzia kwenye mchanga. Nyumba ya tofali ni mchanga mtupu: umo ndani ya tofali, baina ya tofali na tofali, kwenye lipu na kwenye jamvi. Kisiwa hakina mchanga wa kuchimba milele, ndiyo maana serikali imeudhibiti. Ukuta wa mbao au wa chuma chepesi unauacha mchanga kwenye msingi na sakafu. (Paneli za zege hazina faida hiyo, mchanga ni ule ule, umebadilishiwa umbo tu.) Na watu hawasubiri. Sensa ya 2012 ilituhesabu 1,303,569, ya 2022 ikatukuta 1,889,773. Hao waliozidi, karibu laki sita, wanataka pa kulala na pa kusomea. Halafu kuna masika. Fundi wa tofali anajua Aprili ina maana gani, ila kiwanda kina paa.

Upande wa pili watu huanza kwa kugonga ukuta. Wakisikia mlio wa uwazi, wameshahukumu: nyumba ya boksi. Hiyo kwangu si hoja. Hoja iko kwenye viungo. Tarehe 16 Mei 1968, jijini London, mkaazi wa ghorofa ya 18 katika jengo la Ronan Point aliwasha jiko, gesi iliyovuja ikalipuka. Jengo lilikuwa la paneli za zege, ghorofa 22, jipya kabisa. Mlipuko ulisukuma nje ukuta uliobeba uzito. Vyumba vya juu vikakosa pa kukaa na pembe nzima ikaporomoka mpaka chini. Walikufa watu wanne. Lilipokuja kubomolewa mwaka 1986, baadhi ya viungo vilikutwa vimeshindiliwa magazeti na takataka mahali pa zege. Kiwandani paneli inaweza kupimwa na kukaguliwa. Uzembe huo ulifanyika saiti.

Hapo ndipo ninapowaonea wasiwasi mafundi wetu, na si kwa dharau. Fundi wa tofali anajisahihisha njiani. Jamvi likipinda sentimita mbili, anazimeza kwenye mistari ya mwanzo, na kilichobaki kinafichwa na lipu. Paneli haimezi kitu. Msingi ukikosewa kidogo tu, matundu ya bolti hayakutani, na winchi iliyokodiwa kwa saa inanguruma bure. Timazi na pimamaji ni zile zile, ila kosa lake linadaiwa siku ile ile. Ongeza hewa ya chumvi inayotafuna kila skrubu isiyo ya aina yake, mchwa wanaoipenda mbao isiyotiwa dawa, na ukuta uliobuniwa kwa baridi ya Ulaya ukafungwa kama chupa, na sisi tunataka upepo wa kusi upite chumbani. Hayo yote yana dawa. Lakini dawa ina bei, na mtu akibanwa ndiyo ya kwanza kukatwa.

Na Pemba ina lake. Mzigo ulioshushwa bandari ya Malindi, Unguja, unapakiwa tena kuvuka, unashushwa Mkoani, halafu unapanda vilima. Matofali huenda kwa gari la ng'ombe mpaka mlangoni. Ukuta wa mita sita hauendi hivyo, wala, kule mjini Unguja, haupiti vichochoro vya Ng'ambo.

Sasa nirudi kwa ami, maana pesa ndiyo inayoamua. Rundo lake ni benki. Akivuna, anaweka, akiumwa mtu, halitoki kirahisi, na hilo ndilo analolitaka. Nyumba ya paneli inataka fedha zote kabla ya msingi, kwa sababu kiwanda hakikati nusu ya nyumba. Hata ikiwa jumla ya gharama ni ndogo, haiwezi kumfaa mtu ambaye jumla hiyo haijawahi kuwa mkononi mwake siku moja. Kule Fumba, Unguja, nyumba za mbao za namna hii zipo, na mwaka 2021 ulitangazwa mpango wa mnara wa mbao wa ghorofa 28, mita 96. Sina ugomvi nao, lakini mnunuzi wa Fumba na ami yangu hawakutani sokoni.

Kwa hiyo msimamo wangu umegawika. Skuli, vituo vya afya, nyumba za madaktari mashamba: mlipaji ni mmoja, ramani inarudiwa rudiwa, na anayekagua viungo anaweza kuajiriwa. Hapo ningechukua paneli kesho. Ujerumani Mashariki, waliotusaidia kujenga magorofa ya Michenzani mjini Unguja, walifanya hivyo kwao: muundo wa fleti za paneli ulioitwa WBS 70 ulianzia mji wa Neubrandenburg mwaka 1973 ukarudiwa mpaka fleti zikafika mamia ya maelfu. Bila kurudia, kiwanda ni hasara.

Kwa nyumba ya mtu mmoja mmoja, ningetaka karakana iliyopo hapa hapa, inayouza paneli ndogo za kubebwa na watu wawili, ukuta mmoja mmoja, kama kuti. Najua zinavyokuwa ndogo viungo vinazidi, na kila kiungo ni njia ya maji. Afadhali hasara hiyo kuliko winchi isiyofika.

Nilimweleza ami. Akauliza na kijana akioa, ghorofa itapandaje? Nikamwambia inawezekana, ila lazima ihesabiwe tangu msingi. Si kama nondo tunazoziacha zimechomoza juu ya paa miaka kumi zikila kutu. Akanyamaza kidogo, akatazama nyumba ya jirani yenye nondo hizo hizo. Juzi nimepiga simu kumsalimia. Gari la ng'ombe lilikuwa uani, linashusha matofali mia moja mengine.