Foniksi si ya Kiingereza pekee

Siku hizi mzazi wa Kisumu akitafutia mtoto shule huuliza jambo moja hata kabla ya karo: mnafundisha foniksi? Yaani mtoto ajifunze sauti ya herufi badala ya jina lake, kisha aunganishe sauti hizo mpaka asome neno ambalo hajawahi kuliona. Swali zuri. Kinachonikera ni kwamba jibu linatakiwa kwa Kiingereza tu, na silabi za Kiswahili, ba be bi bo bu, zinaonekana mambo ya kina nyanya.

Wanaotaka Kiingereza kitangulie wana sababu. Kuanzia gredi ya nne, karibu kila somo ni kwa Kiingereza, Kiswahili chenyewe kikiondolewa. Isitoshe, mtoto aliyezoea silabi huzihamishia kwenye Kiingereza. Mpwa wangu wa gredi ya kwanza, hapa Kondele, alilikuta neno "one" kitabuni, akalisoma herufi kwa herufi, kisha akaniuliza, "Mjomba, nani aone?"

Lakini hebu tuhesabu. Kiingereza kina herufi 26 za kubeba sauti kama 44. Chukua a peke yake: cat, cake, call, about. Herufi ile ile, sauti nne. Mtoto anayeongea Dholuo nyumbani na Kiswahili akitoka nje anaambiwa a ni ile ya cat, sauti asiyoisikia kwa mtu yeyote mtaani, na mara nyingi hata kwa mwalimu, maana wengi wetu cat na cut tunazitamka sawa. Juu ya sauti hiyo ya kuazima ndipo tunataka ajenge usomaji wote. Kwa Kiswahili irabu ni tano, na a ya baba ndiyo ya kaka, ndiyo ya samaki. Ukiijua leo, kesho haikugeuki.

Silabi pia ina faida isiyosemwa sana. Jaribu kutamka k bila irabu: itatoka na kijisauti nyuma yake, na mtoto akiunganisha anapata kitu kama "keakea". Ka-ka haimpi taabu hiyo.

Uingereza, tangu 2012, watoto wa miaka mitano na sita hupimwa kwa maneno 40, nusu yake ya kubuni, ili ijulikane nani anasoma sauti na nani amekariri. Niliiga nyumbani, nikamwandikia mpwa wangu baluki, tefo na ng'omisha. Akayasoma yote bila kusita, kisha akataka kujua Ng'omisha ni mama ya nani. Kama hiyo si foniksi, sijui ni nini.

Ni kweli kusoma si kuelewa, na mtoto anaweza kutiririka kama kasuku. Ila kasuku wa Kiingereza tunao wengi zaidi, kwa sababu hata akilitamka neno sawasawa, mara nyingi ni geni kwake. Wala sisemi Kiingereza kingoje miaka. Mpango wa Tusome, ulioenea nchini 2015, ulifundisha sauti za herufi kwa lugha zote mbili, na mtaala wenyewe unaruhusu lugha ya eneo katika gredi za chini. Ni sisi wazazi tunaoona aibu.

Kiswahili nacho kina mitego yake. Mbuni ndege na mbuni wa kahawa huandikwa sawa, ingawa silabi hazigawanyiki sawa. Kibaya zaidi kwa watoto wetu ni sikio: Dholuo haina sh, kwa hiyo kwenye imla mpwa wangu aliandika "samba". Ukimkosoa kwa kalamu nyekundu humsaidii, maana ameandika alichosikia. Nilimwambia aweke kidole mdomoni, amnyamazishe mtoto mchanga: shhh. Kisha aendelee, shhh-amba. Akafuta, akaandika shamba, akatabasamu. Neno lililofuata lilikuwa sukari. Akaweka kidole mdomoni, akaandika "shukari".