Afande, niandikie na tarehe

Nyuma ya leseni ile ya kuwinda kulikuwa na muhuri mmoja wa bluu, nusu yake imefifia, na neno moja la mkono: "Imekaguliwa." Tarehe hakuna. Jina la aliyekagua hakuna, namba yake ya kazi hakuna, wala idadi ya wanyama waliokuwa kwenye gari. Mwenye leseni, mzee wa huku Sikonge, alikuwa na tohe mmoja dume, yule swala wa majanini, halali kabisa. Kwenye kizuizi cha kwanza aliomba, "Afande, niandikie na tarehe basi." Akajibiwa, "Nenda tu mzee, hakuna shida." Kizuizi cha pili shida ikawepo. Askari wa pale aliuliza swali la haki: nitajuaje kwamba tohe aliyekaguliwa ndiye huyu, na si wa pili kwa leseni ileile? Mzee hakuwa na jibu. Alilala kituoni siku 2, nyama ikaozea kwenye gunia.

Limeniuma kwa sababu huwezi kumwita yeyote kati yao mtu mbaya. Yule wa kwanza alikuwa mpole, na upole wake ndio uliomponza mzee. Sisi wawindaji tumezoea kuwagawa askari wa wanyamapori kwa tabia: huyu mkarimu, yule mkali, yule hakupitishi bila chai. Mimi nataka tuwapime kwa kitu kimoja tu, nacho ni walichoandika.

Na kwa nini nalishikilia hili? Kwa sababu hapa Tabora safari moja ya kuwinda inaweza kukupitisha mbele ya sare za aina 4. Mto Ugalla tangu 2019 ni hifadhi ya taifa, wenyewe ni TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na huko huingii na bunduki hata kama babu yako aliwinda hapo maisha yake yote. Nje ya mpaka unakutana na TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Ukiingia msitu wa hifadhi unakutana na TFS, wakala wa misitu. Ukipita Ipole au Uyumbu, hizo ni jumuiya za hifadhi za vijiji, zina VGS wao, yaani askari wa wanyamapori wa vijiji. Septemba na Oktoba mto unakatika, yanabaki madimbwi yenye viboko, wanyama wote wanasogea kwenye maji na mwindaji anasogea nyuma yao, macho yakiwa kwenye nyayo. Kigingi cha mpaka anaweza kukipita asikione. Kila sare ina kitabu chake na bosi wake. Karatasi pekee inayopita mikononi mwa wote ni leseni yako, kwa hiyo kilichoandikwa nyuma yake ndicho kinachokutetea kwa yule wa mbele.

Ukaguzi ukifanywa sawasawa hauchukui muda. Bunduki inafunguliwa, inaonekana haina risasi. Namba iliyochongwa kwenye chuma inasomwa na kulinganishwa na kitabu cha silaha, tarakimu kwa tarakimu, maana tarakimu moja ikikosewa mwaka huu itakufuata mwaka ujao. Risasi zinahesabiwa: umetoka na 10, zimebaki 7, basi maganda 3 yawe mfukoni mwako, usiyatupe porini. Leseni inasomwa yote: mnyama gani, jinsia gani, wangapi, eneo lipi, mwisho lini. Halafu anaangaliwa mnyama mwenyewe.

Hapo kwenye mnyama wawindaji wengi tunajiharibia wenyewe. Mtu anachuna, anakatakata, kichwa na mapumbu anaviacha porini ili apunguze mzigo, kisha anataka askari aamini kwa mdomo kwamba alikuwa dume. Kwa tohe au tandala kichwa kinatosha, kwa sababu majike wao hawana pembe. Lakini pofu, kongoni, nyamera, palahala na korongo wana pembe dume na jike. Kichwa cha pofu hakimalizi ubishi. Acha mapumbu yaning'inie kwenye paja moja mpaka upite kizuizi cha mwisho. Na usibanike nyama kambini. Ikishakatwa mikanda na kukaushwa juu ya moto inakuwa nyeusi, ngumu kama kamba ya katani, na hakuna mtu, awe askari, hakimu au wewe mwenyewe, atakayeitazama kwa macho akasema kwa uhakika hii ni ya pofu na hii ni ya ng'ombe.

Upande wa Kaliua kuna askari ambaye wawindaji wanamsifia mwandiko. Ni mkali, hatabasamu, atakushusha mizigo yote kwenye jua. Ila akimaliza anaandika: tarehe na saa, mnyama na jinsia, risasi zilizobaki, mahali, jina lake na namba yake. Anakupa kalamu usaini chini ya maneno yake, kisha anapiga picha leseni pamoja na mnyama. Waliopita kwake wanapita mbele bila maswali. Askari wa namna hii wapo, tena si wachache, na hatuwasemi vya kutosha kwa sababu mtu akipita salama hana cha kusimulia.

Sasa nije kwenye lile linalonikosesha usingizi: siku ambayo mtu anakamatwa kweli.

Nyama ya mnyamapori ni nyara ya serikali. Ukikutwa nayo bila kibali, kesi inaweza kwenda kama uhujumu uchumi, na hapo kifungo hakipungui miaka 20 na hakizidi 30. Miaka 20 kwa vipande vya nyama vinavyoenea kwenye sufuria moja. Kesi za namna hiyo hazisikilizwi mpaka kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka kitoke, na kukisubiri mara nyingi ni kusubiria mahabusu. Kwa uzito huo, kila karatasi inayoandikwa siku ya kwanza inapaswa kuandikwa kama inaandikwa na mtu anayeshika maisha ya mwenzake, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Karatasi zenyewe hazizidi chache. Ya kwanza ni hati ya ukamataji, ijazwe palepale, vitu vyote viorodheshwe, mwenye mali asaini na shahidi asaini. Ikiwa ni ndani ya nyumba ya mtu, awepo shahidi huru: jirani, balozi, mwenyekiti wa kitongoji. Askari mwenzake aliyeshuka naye gari moja si shahidi huru. Ya pili ni hati ya tathmini, ambapo afisa mwenye sifa anasema huyu ni mnyama gani na thamani yake ni kiasi gani. Aandike amemtambuaje: ngozi, manyoya, kwato, pembe, nini hasa. "Kwa uzoefu wangu ni nyama ya nyamera" haitoshi, hasa kwa ile mikanda myeusi niliyoisema.

Ya tatu ndiyo inayoharibika kuliko zote. Nyama inaoza, haiwezi kusubiri kesi, kwa hiyo inapelekwa kwa hakimu atoe amri iteketezwe, na ile fomu ndiyo inayobaki kuwa ushahidi badala ya nyama. Mahakama ya Rufani ilishasema waziwazi katika Rufaa ya Jinai Na. 385 ya 2017: mtuhumiwa awepo mbele ya hakimu na asikilizwe kabla amri haijatoka. Kisha angalia kinachofanyika. Mtuhumiwa yuko mahabusu, gari la kumleta halina mafuta, nyama inanuka, askari anachukua fomu peke yake, hakimu anasaini, nyama inachomwa. Miaka inapita. Kwenye rufaa wakili anauliza swali moja tu, mteja wangu alikuwepo? Fomu haina saini yake wala dole gumba. Inaondolewa kwenye kumbukumbu, na kesi nzima inaanguka.

Hapo nani amefaidika? Kama jamaa alikuwa jangili kweli, anarudi Usinge akiwa shujaa, na tanzi zake za nyaya zinarudi porini. Kama hakuwa jangili, amekaa gerezani miaka ambayo hakuna atakayemrudishia, watoto wameacha shule, shamba la tumbaku limekuwa kichaka. Yote kwa safari moja ya gari ambayo haikufanyika. Naandika hili nikiwa na hasira na siombi radhi kwa hasira hiyo.

Nitakubali jambo moja, ingawa linanikera kulikubali. Ukali wa askari tumeuchangia. Wapo wenzetu wanaokataa kuandika mnyama kwenye leseni pale anapoanguka. Wanasubiri. Wakifika nyumbani bila kukaguliwa, karatasi ni safi, kesho wanaua mwingine kwa leseni hiyohiyo. Askari aliyewahi kuchezewa hivyo mara 2 hatakuamini wewe wa tatu, hata uape kwa nini. Mnyama anapoanguka, andika hapohapo kabla hujatoa kisu. Na hao askari wanalala kwenye mbung'o, wanafuata milio ya risasi usiku bila kujua nani yuko upande wa pili. Hilo nalo ni kweli.

Ila lisitumike kufunika mengine. Watu wa ukanda huu wanaikumbuka Operesheni Tokomeza ya 2013, ile ya kuwasaka majangili. Ilisitishwa baada ya malalamiko ya watu kupigwa, kuporwa na kuuawa, na mawaziri 4 wakapoteza nafasi zao. Mtu aliyepigwa hivyo hamwiti tena askari anapomwona jangili. Anafunga mlango.

Magobore, zile bunduki za kienyeji, sitayatetea: yanajeruhi zaidi ya yanavyoua. Kupiga mnyama ukiwa kwenye gari au ndani ya mita 200 kutoka lilipo, sheria inakataza, na inakataza vizuri. Nyati mfuate na bunduki nzito ya .375 au usimfuate.

Msimu unaanza Julai. Chukua kalamu 2, moja itakauka wino. Toa kopi ya leseni na ya kitabu cha silaha, ziwekwe mbali na zile halisi. Ukifika kizuizini shuka, salimia, fungua bunduki mwenyewe kabla hujaambiwa, kisha omba uandikiwe. Afande akisema nenda tu, omba tena kwa heshima. Akikataa mara ya pili, andika wewe mwenyewe chini ya muhuri wake: tarehe, saa, jina la kizuizi, namba ya gari lao.

Yule mzee wa Sikonge aliachiwa bila mashtaka. Alirudishiwa bunduki, risasi na leseni. Nyuma ya leseni bado pana neno lilelile moja, na zile siku 2 hazikuandikwa popote.