Jengo la Kihistoria Liimarishwe kwa Kiasi Gani?

Mhandisi wa miundo anayeitwa kukagua jengo linalolindwa kisheria hukabiliwa na madai mawili yasiyopatana kwa urahisi. Sheria za usalama zinamtaka ahakikishe kwamba jengo litahimili uzito wake, upepo na mitetemeko ya ardhi bila kuhatarisha maisha ya waliomo. Sheria za urithi zinamtaka asiguse zaidi ya inavyolazimu, kwa kuwa thamani ya jengo hilo haimo katika umbo lake pekee, bali pia katika mawe, mbao, chokaa na alama za mikono ya mafundi waliolijenga. Ufa ukionekana, wa upande wa kwanza husema ukuta ufungwe kwa vyuma na kujazwa zege. Wa upande wa pili husema ufa huo huenda una umri wa miaka mia mbili na haujasogea tangu ulipotokea. Pande zote mbili zina hoja nzito, na zote mbili zimewahi kuleta hasara isiyoweza kufidiwa.

Hoja ya usalama haipaswi kubezwa kana kwamba ni hofu ya watu wasiothamini historia. Tarehe 17 Machi 1989 mnara wa mji wa Pavia, kaskazini mwa Italia, uliokuwa umesimama tangu zama za kati, uliporomoka ghafla na kuua watu wanne. Haukuangushwa na tetemeko wala mlipuko. Uchunguzi uliofuata ulielekeza kwenye uchovu wa kuta zenyewe, ambazo zilikuwa zimebeba mzigo mkubwa kwa karne nyingi huku zikiendelea kudhoofika polepole ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Tukio hilo lilivunja hoja inayopendwa sana na watetezi wa kutogusa, kwamba jengo lililosimama kwa mamia ya miaka limekwisha kuthibitisha uimara wake. Umri wa jengo huthibitisha kwamba lilikuwa imara jana. Hauthibitishi kwamba ukuta wake haujakaribia kikomo. Ndiyo maana Januari 1990 mnara ulioinama wa Pisa ulifungwa kwa wageni, ingawa ulikuwa bado umesimama kama ulivyozoeleka.

Hata hivyo, orodha ya majengo yaliyoumizwa na waliotaka kuyaimarisha ni ndefu na ya kusikitisha. Mfano unaojulikana zaidi ni Parthenon, hekalu la kale la Athens, Ugiriki. Mafundi wa kale waliunganisha vipande vya marumaru kwa vibano vya chuma vilivyozungushiwa madini ya risasi ili maji yasivifikie. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi miaka ya 1930, mhandisi Nikolaos Balanos alisimamia ukarabati mkubwa uliotumia vyuma vipya visivyokuwa na kinga ya namna hiyo. Vyuma hivyo vilishika kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa zaidi kuliko chuma kilichoizaa, marumaru iliyodumu zaidi ya miaka elfu mbili ikapasuliwa kutoka ndani. Kazi iliyoanza katika miaka ya 1970, ambayo imechukua miongo kadhaa, imekuwa kwa sehemu kubwa kazi ya kuvitoa vyuma hivyo na kuweka vya titani, ambayo haishiki kutu. Balanos hakuwa mzembe. Alitumia kilichoaminiwa na wakati wake, na mwaka 1931 mkutano wa wataalamu uliofanyika katika mji huohuo ulitoa hati iliyoidhinisha matumizi ya busara ya mbinu za kisasa, hasa zege lenye nondo. Hilo linanifanya niwe na mashaka na kila mbinu mpya inayoletwa ikiwa na sifa za maabara lakini haijapita hata miaka hamsini ndani ya ukuta halisi.

Saruji inastahili kuzungumziwa kwa kirefu, kwa sababu madhara yake hayaji kwa kishindo. Ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa haukukusudiwa kuzuia maji kabisa. Hupokea unyevu kutoka ardhini na kwenye mvua, kisha huutoa kwa kukauka. Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa kwenye joto la takriban nyuzi 900 za Selsiasi, kuyazima kwa maji, kisha kuuacha mchanganyiko ugande polepole kwa kuvuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani, jambo linaloweza kuchukua miezi au hata miaka. Matokeo yake ni kiungo laini kuliko jiwe. Ukuta ukisogea kidogo, chokaa ndiyo inayopinda na kupasuka nyufa nyembamba, na baadhi ya nyufa hizo hujiziba zenyewe maji yanapoyeyusha chokaa na kuiacha upya ndani yake. Saruji hufanya kinyume chake: ni ngumu, haipitishi unyevu kwa urahisi, na nyingine hubeba chumvi zake yenyewe. Ukuta ukipakwa lipu ya saruji, maji yaliyomo hutafuta njia ya kutokea kwenye jiwe, na chumvi iliyoyeyuka ndani yake huganda nyuma ya uso wa jiwe na kulimenya tabaka kwa tabaka. Baada ya miaka michache kinachobaki imara ni mistari ya saruji, huku mawe iliyokusudiwa kuyalinda yakiwa yamelika na kubonyea katikati yake. Mwashi wa zamani alijua kwamba kiungo ndicho kinachopaswa kuchakaa kwanza, kwa sababu kiungo hujazwa upya na jiwe halirudi.

Kosa la pili la aina hii linahusu uzito na ukakamavu. Katika miaka ya 1950 sehemu ya paa la kanisa kuu la Noto, kule Sicily, ilibadilishwa na kuwekwa zege. Nguzo za kanisa hilo zilikuwa na mawe mazuri kwa nje na kifusi dhaifu kwa ndani. Tetemeko la mwaka 1990 likaziumiza, na tarehe 13 Machi 1996 kuba na sehemu kubwa ya jengo vikaanguka. Kanisa lilifunguliwa tena mwaka 2007. Matetemeko ya mwaka 1997 katika mikoa ya Umbria na Marche, Italia, yalirudia fundisho hilohilo katika nyumba nyingi za mawe ambazo dari zake za mbao zilikuwa zimeondolewa na kuwekwa zege. Bamba zito na gumu lilipotikiswa lilisogea kama kipande kimoja na kuzisukuma kuta dhaifu zilizolibeba. Waliofanya kazi hiyo waliamini kwa dhati kwamba wanaongeza usalama wa wakazi.

Kutokana na mifano hiyo, ni rahisi kuhitimisha kwamba wahifadhi walikuwa sahihi tangu mwanzo na kwamba kila jengo liachwe lilivyo. Sikubaliani na hitimisho hilo. Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la Unguja lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultan Barghash, ilitoa onyo mwaka 2012 pale sehemu yake ilipoporomoka. Miaka minane baadaye, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa zaidi ilianguka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Muda mrefu kati ya onyo na anguko unaonyesha kwamba kusubiri nako ni uamuzi wenye matokeo yake. Tukio hilo, pamoja na moto wa kanisa kuu la Notre-Dame la Paris wa tarehe 15 Aprili 2019, ambao nao ulitokea wakati kazi ikiendelea, linakumbusha pia kwamba jengo la kale huwa hatarini zaidi pale linapoguswa: mizigo inahamishwa, viunzi vinafunguliwa, vifaa vya moto na umeme vinaingizwa mahali ambapo havikuwahi kuwapo.

Kwa maoni yangu, mjadala huu umekwama kwa sababu unauliza ni kiasi gani cha ukarabati kifanywe, wakati swali linalofaa kutangulia ni kipi kati ya vinavyopendekezwa kinaweza kuondolewa baadaye. Kinachoondoleka kinastahili kufanywa haraka, hata kabla ya ujuzi kukamilika. Kisichoondoleka kinastahili kusubiri vipimo. Kazi ya Pisa ilifuata utaratibu huu, ingawa haikukosa misukosuko. Mnara ulipofungwa, ulizungushiwa nyaya za chuma na kuanzia mwaka 1993 ukawekewa mamia ya tani za madini ya risasi upande wa kaskazini, mkabala na ulikoinamia, ili kuusawazisha. Sura yake ilichukiza wengi, lakini vyote hivyo vingeweza kutolewa. Mwaka 1995 jaribio la kuweka suluhisho lililofichika zaidi, lililohitaji ardhi igandishwe, liliufanya mnara usogee kwa hatari ndani ya usiku mmoja, na wahandisi wakalazimika kuongeza madini ya risasi. Hatimaye, kati ya mwaka 1999 na 2001, udongo ulichimbwa kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini hadi mnara ukarudi nyuma kwa takriban nusu nyuzi, na Desemba 2001 wageni wakaruhusiwa tena. Karibu miaka 12 ilipita. Tiba ikafanyika ardhini, na kuta zenyewe zikabaki karibu kama zilivyokuwa.

Misingi iliyopitishwa na baraza la kimataifa la majengo ya kumbukumbu na maeneo ya kihistoria, ICOMOS, kwenye mkutano wake wa Victoria Falls, Zimbabwe, mwaka 2003, inauelezea mwendo huu kwa mfano wa tabibu: historia ya mgonjwa, utambuzi wa ugonjwa, tiba, kisha ufuatiliaji. Misingi hiyo inaruhusu hatua za dharura kabla ya uchunguzi kukamilika, na inaonya kwamba viwango vya usalama vilivyotungwa kwa majengo mapya mara nyingi havifai kutumiwa moja kwa moja kwa majengo ya kale. Onyo hilo la mwisho huwakera baadhi ya wahandisi, nami naelewa sababu, kwani ndiye mhandisi anayetia saini. Lakini pengo kati ya uwezo wa jengo na kiwango kinachotakiwa linaweza pia kupunguzwa kwa kubadilisha matumizi. Ikiwa ghorofa ya juu haiwezi kubeba makabati ya kumbukumbu, makabati yanaweza kuwekwa chini, na sakafu ya mbao ikabaki bila kuongezewa boriti hata moja.

Wahifadhi nao wanapaswa kuacha kulitumia neno “kuondoleka” kwa wepesi. Mchanganyiko wa kujazia mapengo ukisindiliwa ndani ya ukuta, hakuna atakayeutoa bila kuubomoa ukuta wenyewe. Kwa kazi za namna hiyo kipimo cha kweli ni kama nyenzo inalingana na ukuta kwa ugumu, kwa upitishaji wa unyevu na kwa kemia yake, na kama itamruhusu fundi wa baadaye kufanya kazi nyingine juu yake. Hati ya Venice ya mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa uhifadhi wa majengo ya kale, inaruhusu mbinu za kisasa pale ambapo za jadi hazitoshi, mradi ufanisi wake umethibitishwa na sayansi na uzoefu. Watu wengi huinukuu ruhusa na kuliacha sharti.

Suala la uhalisi, yaani kama jengo lililobadilishwa sehemu zake bado ni lilelile, linaleta ugumu mdogo kuliko inavyodhaniwa. Mahekalu ya Ise nchini Japani hujengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho ikiwa mwaka 2013, na Hati ya Nara ya mwaka 1994, tamko la wataalamu kuhusu suala hilo, ilikubali kwamba uhalisi unaweza kukaa katika ufundi kama unavyokaa katika nyenzo. Kubadilisha boriti iliyooza kwa mti wa aina ileile na kiungo kilekile ni kazi halali kabisa, na paa la Notre-Dame lilirudishwa kwa mialoni iliyochongwa kwa mkono kabla kanisa halijafunguliwa Desemba 2024. Kinachokosekana katika sehemu nyingi ni mafundi wanaoijua kazi hiyo.

Linalobaki ni gharama, na hapa ndipo ninapoona udhaifu mkubwa wa ulinzi wa kisheria usioambatana na fedha. Sheria inayomkataza mwenye nyumba kubadilisha chochote, bila kumsaidia kuzibua mifereji na kuziba vigae vilivyopasuka, hulipeleka jengo polepole kwenye hali ambayo zege huonekana kuwa njia pekee. Hati ya Venice iliyaweka matunzo ya kudumu mwanzoni kabisa mwa masharti ya uhifadhi, na bajeti zinapaswa kuyaweka hapohapo. Kibali cha kuegemeza ukuta kwa magogo kitolewe ndani ya siku, tofauti na kibali cha kuuzamishia vyuma. Na kila kazi inapokwisha, vipimo vya nyufa, uwiano wa chokaa na mchanga uliotumika, na mchoro wa mahali kila chuma kilipopita vihifadhiwe mahali ambapo mhandisi atakayeitwa baada ya miaka sitini atavikuta kabla hajatoboa ukuta.