Daraja hukatikia kwenye tuta

Msimu wa mvua ukikolea huku kanda ya kati ya Tanzania, picha huwa ileile: daraja limesimama mtoni halina hata ufa, tuta la pembeni limezolewa, na mabasi yamepanga foleni ng'ambo zote mbili. Taarifa itasema daraja limekatika. Halijakatika. Yaliyokatika ni maingilio, yaani tuta la barabara linalofika darajani, na yamekatika kwa sababu wakati wa kupanga, akili na fedha zote zilikwenda kwenye zege.

Msimamo wangu ni kwamba daraja la Dodoma au Singida lipangwe kwa mpangilio huu: maji kwanza, barabara unganishi pili, zege mwisho. Mfano upo jirani. Daraja la Sibiti, linalounganisha Mkalama mkoani Singida na Meatu mkoani Simiyu, lina urefu wa mita 82 tu, lakini barabara zake unganishi ni kilomita 25. Anayeshangaa hesabu hiyo hajawahi kuona mbuga, yaani tambarare ya udongo mweusi, ikijaa maji.

Mkoa wa Dodoma peke yake humwaga maji pande tatu. Mto Bubu unapita Kondoa na kuishia kwenye mbuga ya Bahi, Kinyasungwe unaelekea mashariki hadi mfumo wa Wami, na Kizigo unaingia Ruaha Mkuu. Kwa hiyo kabla ya kuomba takwimu za mto, jua kwanza uko bonde la nani: Bonde la Kati, Wami/Ruvu au Rufiji. Kila bonde lina bodi yake ya maji, na barua ikienda kusiko inapoteza miezi.

Mito hii ni ya mchanga. Sehemu kubwa ya mwaka watu wanafukua visima humo, halafu mvua inanyesha mbali juu, wewe uko chini jua linawaka, na jioni mto umejaa. Ni michache yenye kumbukumbu ndefu za vipimo, hivyo mpimaji hutafuta alama: takataka zilizonasa kwenye matawi ya migunga, mstari wa tope ukutani, na maneno ya wazee. Swali lisiwe "mto huu hujaa?" Liwe: "Mzee, shikamoo. El Nino ile ya 1997/98 maji yalifika wapi?" Mzee aoneshe kwa kidole, na kipimo kichukuliwe palepale.

Chukua mto wenye upana wa mita 80, alama zikionesha kina cha mita 2, na mteremko wa mita 2 kwa kila kilomita. Kwa fomula ya Manning, inayokadiria kasi ya maji mtoni, ukiweka ukinzani wa sakafu na kingo wa 0.035, kasi inatoka kama mita 2 kwa sekunde, na maji yote ni kama mita za ujazo 320 kila sekunde. Sasa anatokea mtu wa kubana matumizi: daraja liwe mita 40, kwingine tujaze tuta. Maji hayapungui kwa sababu bajeti imepungua. Yanapanda nyuma ya tuta, yanaongeza kasi kwenye uwazi uliobaki, na yanachimba. Kwenye mchanga, ukibana mto kwa nusu sakafu inaweza kushuka zaidi ya mita 1 chini ya daraja zima, kabla hujahesabu shimo linalochimbika kwenye kila nguzo. Shimo hilo peke yake, kwa nguzo ya duara yenye kipenyo cha mita 1.5, linaweza kufika mita 3 na zaidi.

Ubaya ni kwamba mafuriko yakiisha mchanga unarudi kulifukia shimo hilo. Mkaguzi akija Agosti anakuta sakafu imetulia, anasaini, anaondoka. Ndiyo maana msingi haupimwi kwa macho ya kiangazi. Kila nguzo ichorongwe mahali pake, yaani ardhi itobolewe kuona kilicho chini, na mkifika kwenye mwamba mwendelee angalau mita 3 ndani yake, maana huku kwetu jabali lililozikwa mchangani limeshawahadaa wengi.

Kuhusu kimo cha daraja sina maneno mengi: acha angalau mita 1 kati ya maji ya mafuriko na tumbo la mihimili, kwa sababu mito yetu hubeba magogo.

Turudi kwenye tuta, maana maradhi mengi yako huko. Nyuma ya ukuta wa daraja mashine kubwa haifiki, kwa hiyo udongo humwagwa kwa kina kirefu na kupigapigwa juujuu. Baada ya mvua mbili unapata kibonde kinachorusha abiria wa kiti cha nyuma. Dawa inajulikana: kifusi cha changarawe, tabaka zisizozidi sentimita 15, mashine ndogo ya kushindilia, kila tabaka ipimwe hadi asilimia 95 ya ushindiliwaji wa maabara ndipo ije nyingine. Udongo mweusi wa mbuga usiingie humo kabisa. Unavimba ukilowa, unapasuka ukikauka, na ufa wake ndio mlango wa maji.

Halafu tuta lipewe pa kupumulia. Bondeni weka makalavati ya ziada mbali na daraja, au shusha kipande kimoja cha barabara chini kidogo ya kimo cha daraja na ukivike zege na gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe), ili mafuriko makubwa kupita kiasi yapite hapo juu kwa hiari yetu. Kipande hicho watu hukiona kama kasoro ya ujenzi na hudai kinyanyuliwe. Kikinyanyuliwa, maji yatachagua yenyewe pa kukatia.

Barabara zenyewe sasa. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, za wilaya ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na daraja moja linaweza kugusa bajeti zote mbili. Kabla ya kusaini chochote, tembea kutoka mtoni hadi lami ya karibu kila upande ukiandika kila korongo. Korongo lisilo na kalavati kilomita 3 mbele linafunga daraja la mabilioni kama vile halipo. Magari yahesabiwe siku 7 mfululizo, na siku ya mnada iwemo, tena baada ya mavuno, malori ya alizeti na mahindi yakiwa barabarani. Ng'ombe nao wahesabiwe; njia ya watembea kwa miguu ya mita 1.2 haimtoshi mchungaji mwenye kundi, kwa hiyo mwachie njia ya kupita chini ya daraja wakati wa kiangazi.

Hifadhi ya barabara kuu na ya mkoa, kwa Sheria ya Barabara ya 2007, ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Weka vigingi mapema na tathmini ya fidia ifanyike kabla mkandarasi hajaleta mtambo. Tuta likihamishwa mita 15 kukwepa nyumba ambayo haijalipwa, mara nyingi linaingia kwenye kona ya mto.

Wala si kila korongo linahitaji daraja. Kwa barabara ya kijiji yenye magari machache, daraja mfuto la zege, ambalo maji hupita juu yake mto ukijaa, lenye nguzo za kipimo zilizopakwa rangi nyekundu linatosha, mradi watu wakubali kusubiri saa chache maji yapungue. Mheshimiwa diwani hatalipenda, najua.

Kalenda ndiyo inayoua miradi kimyakimya. Mwaka wa fedha unaanza Julai, zabuni inatangazwa, mkataba unasainiwa Desemba au Januari, na mvua zimeshaanza. Mkandarasi analinda mitambo hadi Mei huku muda wa mkataba ukiliwa. Usanifu na fidia vimalizwe mwaka wa fedha unaotangulia, mkataba usainiwe kabla ya Mei, na kufikia mwisho wa Novemba nguzo zote ziwe zimepita kimo cha mafuriko.

Na malori ya mchanga. Dodoma inajengwa, na mchanga huo unatoka kwenye mito hiihii. Shimo linalochimbwa mtoni, upande maji yanakoelekea baada ya daraja, hutambaa kurudi juu kila mafuriko, hadi linafika kwenye msingi. Mkataba wa daraja uje na eneo lililopimwa, juu na chini ya mto, lisilochotwa mchanga, lenye bango na mtu wa kijiji anayelipwa kulilinda. Mshahara wake kwa mwaka ni mdogo kuliko gharama ya safari moja ya lori la gabioni.